Santuri za mbio za TT: uchukue ya 1957, ya 1961 au ya 1967?

Mtu mwenye pesa ya santuri moja tu ya mbio za pikipiki za zamani kwa kawaida huanza na jina la bingwa. Anamtaka Hailwood au Agostini, anaona picha kwenye jalada, analipa. Mimi ningemwambia aanze na spika zake. Santuri hizi hazina muziki. Kilichomo ni mlio wa injini, sauti ya mtangazaji na upepo wa kisiwani, na kila injini ina inachokidai kutoka kwa chombo kinachoicheza. Iko injini ambayo kwenye spika ndogo hupotea nusu nzima, na iko ambayo hata kwenye simu inatoboa masikio.

Nazungumzia mbio za pikipiki za TT (Tourist Trophy) za Kisiwa cha Man, kwenye bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland. Zilianza 1907, na tangu 1911 zinapita njia ya mlimani. Raundi moja ya leo ni maili 37.73, karibu kilomita 60.7, kwenye barabara za kawaida zinazofungwa siku ya mashindano: zinapita katikati ya vijiji, kando ya kuta za mawe, zinaupanda mlima Snaefell kisha zinateremka hadi mji wa Douglas. Kwa msikilizaji, jambo kubwa ni namna ya kuanza. Waendeshaji hawaachiliwi wote kwa pamoja kama kwenye kiwanja cha mbio. Wanaondoka mmoja mmoja au wawili wawili, wakishindana na saa. Ndiyo maana rekodi za TT zinasikika kwa usafi ambao mbio nyingine hazina. Kipaza sauti kikiwekwa daraja la Ballaugh au kwenye kona ya Creg-ny-Baa kinapata pikipiki moja kwa wakati, tangu inapoanza kuvuma kwa mbali mpaka inapomezwa na kilima.

Santuri zinazotafutwa zaidi ni za Sound Stories, chapa ya Stanley Schofield wa Uingereza, zilizotoka mwishoni mwa miaka ya hamsini na katika miaka ya sitini. Sauti inayohusishwa nazo ni ya Graham Walker, mtangazaji wa BBC aliyekuwa mwenyewe mwanamashindano: alishinda TT ya daraja jepesi mwaka 1931 akiwa na pikipiki ya Rudge. Mwanawe Murray alitangaza naye, na baadaye akawa sauti ya mbio za magari. Ukiwa na chaguo kati ya santuri yenye msimulizi na ile yenye milio mitupu, kwa mara ya kwanza chukua yenye msimulizi. Bila mtu wa kukuambia nani anapita na yuko raundi ya ngapi, baada ya dakika kumi kila pikipiki inakuwa kelele tu. Milio mitupu ni ya anayejua tayari.

Hadhari moja kabla ya kuendelea. Wauzaji wa mitandaoni huchanganya. Kampuni ya Riverside ya New York, maarufu kwa jazi, ilitoa pia santuri za mbio za magari, zikiwemo za Sebring, Florida. Ni santuri nzuri, lakini ni magari. Jalada likizungumzia tu mbio za vyombo vya moto bila kutaja pikipiki wala TT, muulize muuzaji kabla hujalipa.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua. Injini ya mipigo minne huwasha moto katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Norton Manx ya silinda moja, ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, inapiga mara 58 hivi kwa sekunde. Hiyo ni besi, tena besi ya chini. Gilera ya silinda nne kwenye mizunguko 10,500 inapiga mara 350. MV Agusta ya silinda tatu aliyoendesha Agostini, kwenye 12,000, mara 300. Honda ya silinda sita ya cc 250, iliyozunguka hadi 18,000 bila kizuia sauti kwenye ekzosi zake sita, inapiga mara 900 kwa sekunde. Sauti ya binadamu na ya kinanda hufika huko, na spika yoyote inaweza kuitoa. Mapigo 58 hayatoki kwenye spika ya simu, wala kwenye zile spika ndogo za mezani zinazouzwa na kompyuta. Utasikia mikwaruzo ya juu ya Norton na ubongo utajaza iliyobaki, ila kile kishindo cha kifuani hutakipata.

Kwa hiyo mwenye spika kubwa za mbao, zile zenye koni ya inchi 10 au 12, atafute 1961. Mwenye chombo kidogo aende 1967. Na 1957? Hiyo ni hadithi yake.

Mwaka 1957 TT ilitimiza miaka 50, na waandaaji wakaifanya Senior, yaani mbio ya pikipiki za cc 500, kuwa raundi nane, zaidi ya maili 300. Bob McIntyre, Mskoti, akiwa juu ya Gilera, alikuwa wa kwanza kukamilisha raundi kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, kwa rekodi ya 101.12. Alikuwa barabarani kwa zaidi ya saa tatu. Wiki hiyohiyo alikuwa ameshinda na Junior, mbio ya cc 350. Aliyemfuata ni John Surtees wa MV Agusta, na nyuma yao, katika nafasi ya nne, alikuwamo Dickie Dale na kitu cha ajabu kuliko vyote: Moto Guzzi ya silinda nane, kazi ya mhandisi Giulio Cesare Carcano, cc 499 zilizogawanywa katika vyumba vinane vidogo. Baada ya msimu huo Gilera, Moto Guzzi na Mondial zilijitoa kwenye mashindano. Mwaka uliofuata yale maboma ya bati yaliyofunika gurudumu la mbele yakapigwa marufuku. Ukipata rekodi halisi ya 1957, unapata milio ambayo haikurudi tena barabarani ikiwa imekusanyika mahali pamoja.

Lakini ni mwaka wa mono, yaani sauti ya njia moja, wa vifaa vizito vya kurekodia nje, na wa upepo. Usitarajie utamu wa studio. Sauti ya msimulizi iko mbele, ya injini iko nyuma kidogo, na Gilera inapofika karibu kipaza sauti huzidiwa. Wapo wanaochukia hilo. Mimi naona ndilo linalokufanya uamini kuwa mtu alikuwa amesimama pale na mashine yake begani. Aliyezoea rekodi laini za leo asianze na 1957. Atakata tamaa, atasema santuri mbovu.

1961 ni mwaka wa kishindo. Mike Hailwood, kijana wa miaka 21, alishinda mashindano matatu kwa wiki moja: cc 125 na cc 250 kwa Honda, na Senior kwa Norton. Angeshinda manne kama AJS yake isingeharibika katika Junior akiwa anaongoza. Ni ushindi wa kwanza wa Honda kwenye TT, miaka miwili tu baada ya kufika kisiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Lakini santuri ya 1961 isinunuliwe kwa ajili ya Honda. Inunuliwe kwa ajili ya Senior. Gary Hocking alikuwa na MV ya silinda nne, chombo chenye nguvu kuliko vyote siku ile, na ilipomsumbua, Hailwood akapita na Norton yake ya silinda moja na kumaliza kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. McIntyre akawa wa pili, naye kwa Norton. Wa tatu, Tom Phillis wa Australia, aliendesha Norton ya silinda mbili na kupita maili 100 kwa raundi. Kwa sikio, hii ni mbio ambayo unaweza kuwatenganisha waendeshaji bila kutajiwa majina: Norton ya silinda moja inapiga kwa nafasi, kila pigo peke yake, ya silinda mbili iko mnene na imeshikana zaidi, MV inalia juu ya zote. Ni mwaka mzuri sana wa kujifunzia kusikiliza.

Mwaka unaofuata, 1962, naujua kwa uzito wake. Phillis alikufa katika Junior. Hocking, aliyekulia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alishinda Senior siku chache baadaye, akaacha pikipiki kwa sababu ya kifo cha rafiki yake, kisha akafa Desemba mwaka huohuo huko Durban akifanya mazoezi ya gari la mbio. McIntyre naye aliaga Agosti, baada ya kuanguka kwenye kiwanja cha mbio cha Oulton Park. Graham Walker mwenyewe alifariki Septemba. Rekodi za mwaka huo zinapatikana, na kuna wanaozithamini kwa hayo yote. Mimi siwezi kukushauri uanze nazo.

Tukifika 1967, mambo yamekuwa mengine. Hailwood yuko Honda, Giacomo Agostini yuko MV, na Senior ya mwaka huo wengi wanaiita kubwa kuliko zote. Hailwood alipiga raundi moja kwa maili 108.77 kwa saa, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi 1975. Mshikio wake wa kuongezea mwendo ulilegea. Aliposimama kujaza mafuta akaugonga kwa nyundo, akarudi barabarani akiushikilia kwa mkono. Agostini alikuwa mbele, na huenda angeshinda, ila cheni yake ilikatika raundi ya tano. Kwa sikio, kuna kitu kinachofanya mashindano haya yafae santuri: Honda ya silinda nne na MV ya silinda tatu zinatofautiana vya kutosha hata asiyejua kitu azitambue baada ya raundi ya kwanza. Honda ni kali na pana, yenye kukwaruza. MV imenyooka, kama tarumbeta inayopigwa na mtu mmoja bila kupumua. Msimulizi anapotaja pengo la sekunde, unaweza kulihesabu mwenyewe kati ya mlio mmoja na mwingine.

Na wiki hiyohiyo Hailwood alishinda 250 na Junior, Junior akiwa na Honda ya silinda sita ya cc 297. Kama mlio mmoja tu wa historia nzima ya pikipiki utabaki duniani, wengi wangeuchagua huo. Ndio unaoonyesha vizuri pia jambo ambalo kila aliyesimama kando ya barabara analijua: mlio uko juu chombo kinapokuja na unashuka ghafla kinapopita. Kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa, mlio unaokuja una kimo cha karibu mara moja na nusu ya ule unaoondoka. Mwenye sikio la muziki atasikia sol ikianguka hadi do. Kwenye Norton anguko hilo unalihisi. Kwenye Honda ya silinda sita unaweza kuliimba.

Injini za mipigo miwili nazitaja kwa haraka. Suzuki na Yamaha za miaka hiyo, pamoja na Yamaha ya 125 ambayo Bill Ivy alipita nayo maili 100 kwa raundi mwaka 1968, zinawasha moto kila mzunguko, na mlio wake ni unyende mtupu usio na sakafu. Mwenyewe nachoka haraka. Ukipenda, utazipata ndani ya santuri za katikati ya miaka ya sitini hata bila kuzitafuta. Jim Redman, mkazi mwingine wa Rhodesia, aliyeshinda 250 na 350 zote mbili mwaka 1963, 1964 na 1965 akiwa na Honda, anafaa zaidi kama unataka miaka hiyo ya katikati.

Baada ya mwaka, ukubwa wa santuri. Utakutana na inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, inchi 10 na inchi 12 za mizunguko 33 na theluthi. Wengi hudhani kubwa ni bora siku zote. Kwa muziki wa kawaida ni sawa. Kwa injini si hivyo tu. Mfereji wa santuri ya inchi 12 unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde ukingoni, na unapokaribia lebo umeshuka hadi kama 21. Sauti za juu hukwaruza huko ndani. Santuri ya inchi 7 inaanza na karibu 40 na kumaliza na 25, kwa hiyo haichoki sana mwishoni. Honda ya 1967 ikiwekwa dakika za mwisho za upande wa santuri kubwa, utaisikia ikipasuka, na si kosa la pleya yako. Norton haijali. Tatizo la inchi 7 ni muda: upande mmoja una dakika saba hivi, na mbio ya saa mbili inakuwa vipande vipande. Kwa 1967, kama zipo zote mbili kwa bei unayoimudu, ningechukua ndogo kwa ajili ya mlio na kuiacha kubwa kwa ajili ya hadithi. Kwa 1961, inchi 10 au 12 bila kusita.

Rekodi za mono zinafaa kuchezwa kwa swichi ya mono ya amplifaya ikiwa unayo. Mono imechongwa kwa mwendo wa kando tu. Kila kinachotoka juu na chini ni vumbi na mikwaruzo, na swichi hiyo inakifuta. Ni hatua isiyogharimu kitu na inabadilisha santuri ya 1957 kuliko kuisafisha mara kumi. Ncha ya sindano ya kawaida ya stereo ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi, ya mono ya wakati huo 25. Mwenye kutaka kununua sindano ya mono asilaumiwe, ila asianze na hilo.

Wenye gramafoni ya mkono iliyoachwa na babu, zile za Pwani zilizopiga taarabu ya Siti binti Saad tangu alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928: tafadhali, hapana. Ile sindano ya chuma na ule mkono mzito ni vya santuri ngumu za mizunguko 78. Santuri ya TT ikiwekwa pale mara moja, imekwisha. Pleya ya leo inalemea mfereji kwa gramu mbili au tatu tu.

Kwa walioko Mombasa, Zanzibar, Dar au Muscat kuna suala la hali ya hewa. Jalada la karatasi la miaka ya hamsini linanyonya unyevu wa bahari, ukungu unaanzia kwenye gundi, unahamia kwenye santuri. Jalada la asili liweke pembeni, santuri iingie kwenye mfuko mpya wa ndani, zisimame wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Gari lililoegeshwa juani linaikunja santuri kabla hujamaliza kunywa chai.

Kuhusu hali ya santuri, daraja ambalo wauzaji wa Ulaya wanaliita zuri ni baya. Linalostahili pesa yako linaanzia zuri sana na kuendelea. Kwa santuri za injini, hata hivyo, napima tofauti kidogo na za muziki. Mkwaruzo katikati ya ngurumo hausikiki kabisa. Unaoumiza ni ule ulio kwenye kimya, pale kipaza sauti kinaposubiri kilimani, ndege wanalia, watu wanakohoa, na pikipiki bado iko mbali. Kila kitoneo cha vumbi hapo kinasikika kama kokoto. Mwambie muuzaji akurekodie sehemu hiyo, si sehemu ya kelele. Akikutumia kelele tu, kuna sababu. Ukipata nakala ya CD ya rekodi hizohizo, kimya hicho mara nyingi kimesafishwa, wakati mwingine hadi ndege wametoweka, na hapo ndipo santuri ya zamani yenye vumbi lake inaposhinda. Kwa mwenye spika ndogo na asiye na pleya, CD ya 1967 bado ni chaguo la busara kuliko santuri ya 1957 atakayoikosea heshima.

Mkishakubaliana bei, mwombe muuzaji atoe santuri ndani ya jalada kabla ya kufunga mzigo, aiweke katika mfuko wake wa ndani nyuma ya jalada, zote mbili kati ya kadibodi mbili ngumu. Ikisafiri ndani ya jalada, ukingo wake hupasua mshono wa juu njiani, na jalada la 1957 lenye mshono uliopasuka hupoteza sehemu kubwa ya bei yake siku linapofika.